Mgeni Asiye na Mguu wa Kuondokea

Nitegulieni hiki kwanza: kwangu kumekuja mgeni, hana mkono wa kunisalimia wala mguu wa kuondokea. Ni nani?

Mkisema nyoka, mmekosa. Nyoka ana adabu yake, ukikanyaga karibu naye anakupisha. Mkisema nyungunyungu, mmekosa vilevile, ila msione haya, maana mkwe wangu alikosea papo hapo, na kosa lake nusura libomoe nyumba yangu. Kaeni niwaeleze. Kama kuna anayekula, amalize kwanza.

Huyo mkwe wangu ni fundi bomba. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilipofunga milango, alihamia kwangu na mwanangu pamoja na mjukuu wangu, tunayemwita Kidoti kwa ajili ya alama aliyonayo shavuni. Mimi nilifurahi mpaka nikaficha furaha, maana si vizuri kushangilia mtu aliyekosa kazi. Mume wangu, seremala, alikuwa ameshafariki, na ukimya wa nyumba ile nilikuwa nimeuonja hadi nikaijua ladha yake. Watu wakija na makelele yao, na viatu mlangoni, na mtu akiuliza nani kamaliza sukari, huko ndiko kuishi.

Marehemu aliacha karakana nyuma ya nyumba. Aliacha makabati yasiyo na milango na droo nyingi zisizo na makabati. Siku moja mkwe wangu alikuja jikoni, akasimama kwenye kizingiti kama mtu aliyekuja kuposa mara ya pili.

"Mama," akasema, "nyungunyungu ni mali."

"Mali inayojinyonganyonga?"

"Wanakula maganda na makaratasi, wanatoa mbolea. Watu wa maua wanawatafuta. Tena hawanuki."

"Mwanangu, hata maiti siku ya kwanza hanuki."

Mwanangu akacheka huko chumbani, lakini mkwe hakucheka. Akaniambia kwamba binamu yake amemwitia kazi ya mabomba mbali sana, huko wanakochimba madini, na nyumba ya kukaa na familia ipo. Akasema hataki kwenda. Ila Mama Miche, yule mwenye kitalu kikubwa barabarani, ameahidi kuja kutazama mvua zikiisha. Akiridhika, atanunua kwake siku zote. Asiporidhika, basi yeye, mkewe na Kidoti watafunga mizigo.

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Bamia siwezi kuigusa mbichi. Lakini mapenzi ya mjukuu yanaweza kukulaza kitanda kimoja na funza. Nikasema, "Haya. Droo zipo."

Akazijaza makaratasi yaliyoloweshwa, maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kazi, kisha nyungunyungu wenyewe, wekundu, wembamba, wamejisokota kama nyuzi za mshonaji mlevi. Akazifunika magunia mabichi. Karakana ilijaa, droo moja ikakosa mahali, akaisukuma chini ya sinki la jiko langu. Nikaifunika gunia, juu ya gunia kitambaa, juu ya kitambaa jiwe. Nikawa nakosha vyombo miguu nimeitanua kama mchezaji wa ngoma, vidole visije vikaigusa.

Hayo niliyazoea. Sasa ndipo akaja mgeni.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, mkwe wangu alikuwa anazibua mtaro nyuma ya bafu. Nikasikia anapiga kelele. Nikakimbia nikidhani kajikata. Nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, viganja amevikinga kama anayepokea sadaka, uso unang'aa.

"Mama! Njoo uone!"

Laiti ningebaki jikoni.

Lilikuwa nene kama mpini wa ufagio, na urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Rangi yake ilikuwa ya ini lililosahaulika juani, kijivu kinachoelekea zambarau, na tumboni lina wekundu wa ufizi. Mwili mzima pingilipingili, pete kwa pete, kama koo la kuku ukishalichuna. Halina mkono. Halina mguu. Halina hata gamba la kujisitiri. Ngozi tupu, iliyolowa, inang'aa kama kitu kilicholambwa muda si mrefu. Nikatafuta kichwa nisikione, maana ncha zote mbili ni butu, na huku na huku ni mamoja. Kisha ncha moja ikainuka ikanielekea, nikaona kidoa cheusi chini ya ngozi, kama mbegu ya papai iliyomezwa. Hilo ndilo jicho, limefunikwa na ngozi yake lenyewe! Na kando ya pua kikachomoza kinyama kidogo, kikapapasa hewa, kikarudi ndani. Kikachomoza tena. Nikajua kinanipapasa mimi.

Mwili ukanisisimka kuanzia kisiginoni. Mate yakanijaa, na si mate ya hamu.

"Litupe!" nikasema.

"Nimtupe? Mama, nyuki wana malkia. Mchwa wana malkia. Huyu ndiye malkia wao! Tazama pete, tazama mwili. Nyungunyungu mzima, ila mkubwa. Huyu akikaa kwenye droo, watazaana kama mvua."

Alipoinua kiganja, ute ukavutika kati ya vidole vyake, mweupe, mzito, ukakatika polepole. Mwanangu alikuwa amefika na Kidoti. Badala ya kumkataza mumewe, akapiga makofi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kidoti akachuchumaa akalitazama kwa makini, halafu akasema, "Huyu anaitwa Bibi."

"Kwa nini Bibi?" mama yake akamuuliza.

"Ana mikunjo, halafu hana meno."

Mke na mume wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Nimezaa, nimelea, nimezika, halafu uzeeni naitwa jina moja na dudu la mtaroni!

"Sikilizeni," nikawaambia. "Huko karakana ni kwenu, fanyeni mtakavyo. Lakini hilo halivuki kizingiti cha jiko langu. Ile droo ya chini ya sinki isipate hiyo baraka. Likiingia, mimi natoka."

"Sawa, Mama," mkwe akasema, akijikaza asicheke. "Bibi hataingia kwa bibi."

Akaliweka kwenye droo ya kwanza. Siku chache baadaye akalihamishia ya pili, kisha ya tatu, ili kila droo ipate sehemu yake ya baraka. Kila alipolihamisha alilibeba kwa mikono mitupu, akilisemesha kama bi harusi: "Pole pole, Bibi, twende zetu." Halafu anakuja mezani. Ananawa, ndiyo, kwa sabuni, lakini macho yangu yalikuwa hayanawi. Nikimwona anamega mkate, naona ule ute unavutika. Siku mwanangu alipopika tambi, nilitazama sahani, tambi zinang'aa kwa mafuta, zimelaliana, moja imejikunja ukingoni. Nikainuka nikaenda zangu uani. Sijala tambi mpaka leo.

Kinyaa kikanipa kazi. Nikanunua dawa ya choo, ile kali inayotoa machozi, nikawa namwaga kila siku kwenye kizingiti cha karakana na ukutani, na jikoni nasugua sinki nayo kutwa mara kadhaa. Nilijiambia dudu lile likitaka kuja kunitembelea, likute njia inaunguza.

Mvua zikaanza kupungua. Siku moja mkwe akafunua droo ya kwanza, akachimba kwa vidole, akachimba tena. Makaratasi yapo, maganda yapo yameoza, nyungunyungu hakuna. Droo ya pili wamebaki wa kuhesabika. Akalaumu sisimizi. Akapaka majivu. Akalaumu joto, akalowesha magunia. Ya tatu nayo ikaisha, ya nne ikaisha. Dudu lenyewe alikuwa amelitua kwenye droo ya mwisho, ile pana, nalo likakaa humo majuma kadhaa bila kuhamishwa, maana alisema malkia anahitaji kutulia atage. Kila akilifunua analikuta limenona.

"Angalau malkia mzima," akawa anasema. "Malkia akiwa mzima, watarudi."

Kisha Mama Miche akatuma salamu kwamba atapita kesho yake.

Siku hiyo mkwe alisimama mlangoni pa karakana, akavuta pumzi, akapiga chafya. Akainama akagusa sakafu, akanusa kidole. Mwanangu akanigeukia.

"Mama, unamwaga nini hapa?"

"Nasafisha."

"Unasafisha au unaua?"

"Nimesema nasafisha. Mtu hasafishi nyumba yake?"

"Tangu mwanzo hukuwataka," akasema. "Basi kama hututaki sema, Mama. Sema, tuondoke kwa heshima. Usitutoe kwa dawa ya choo kama mende!"

Mkwe akamshika mkono, "Acha, mke wangu, huyo ni mama." Lakini hakusema kwamba si kweli. Wakaingia chumbani kwao, nikasikia sanduku linavutwa kutoka uvunguni. Mnajua sauti ya sanduku likivutwa sakafuni? Mimi naijua.

Nilikaa jikoni nikijihukumu, maana dawa niliimwaga kweli. Huenda imepita chini ya mlango. Huenda nimewaua mimi, kwa kinyaa changu. Kidoti akaja akaniegemea.

"Bibi, nitegee kitendawili."

"Leo sina."

"Kile cha zamani basi."

Nikatazama chini nisimwonyeshe macho, na macho yakaangukia lile jiwe chini ya sinki. Nikakaa nikilitazama. Sinki lile nalisugua na dawa ileile, tena mara nyingi kuliko kule, maji yanaruka yanadondokea gunia. Kama ni dawa, hawa wangekufa wa kwanza. Nikatoa jiwe, nikatoa kitambaa, nikainua gunia kwa ncha za kucha.

Walikuwa wamejaa! Wamelaliana tabaka kwa tabaka, wanateleza juu ya maganda ya viazi, wanang'ang'ania hata gunia. Sasa droo hii na zile za kule zina tofauti gani? Maganda ni yale yale, maji ni yale yale, dawa ni ile ile. Kitu kimoja tu hakijapata kuingia hapa, kwa sababu nilikikatalia mlangoni.

"Kidoti," nikasema, "lete bakuli la kioo, lile la matunda."

Naapa sijui nilivyofika karakana. Nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, nikafunua droo pana, nikachimba kwa mwiko wa zamani. Likachomoza. Nililishika na mfuko, likateleza. Nikalibana, mfuko ukachanika, likabaki kwenye kiganja changu kitupu. Baridi. Baridi ya kitu kilichotolewa tumboni mwa samaki. Halikuwa laini kama nilivyodhani. Ndani ya ule ulaini kuna misuli, linasukuma, linatafuta upenyo kati ya vidole vyangu, kwa kichwa, hapana, kwa mkia, sijui. Ute ukanijaa chini ya pete ya ndoa. Nilipiga ukelele mpaka jirani akadhani nimefiwa tena.

Lakini sikuliachia. Nikalitia kwenye bakuli la kioo na udongo kidogo, bakuli nililopewa siku ya harusi, nikaliweka mezani. Mkwe na mwanangu walikuwa wametoka mbio kwa ule ukelele.

"Kaeni," nikawaambia. Nikachota nyungunyungu wa jikoni nikawatia humo. "Sasa tazameni malkia anavyolea."

Kwa muda hakikutokea kitu. Kile kinyama cha puani kikachomoza, kikapapasa, kikarudi. Kisha kichwa kikasogea polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Halafu mdomo ukafunguka, mdomo ulio chini ya pua, mtu hauoni mpaka umechelewa, na ndani yake kuna meno. Vijino vyembamba kama sindano, safu kwa safu, vimeinamia kooni. Likamdaka nyungunyungu katikati ya mwili. Kisha likajizungusha, mwili mzima, tena na tena, kama mtu anayekamua shuka, mpaka nyungunyungu akakatika. Nusu ikamezwa, nusu ikabaki inajipigapiga kwenye kioo. Halikusubiri. Likamfuata mwingine.

"Bibi ana meno!" Kidoti akasema.

Mkwe wangu akaketi chini, sakafuni hasa, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Nimemlisha mwenyewe," akasema. "Nimembeba kwa mikono yangu, droo kwa droo. Nilikuwa namwambia pole pole."

Methali ilinijia mdomoni, ile ya kikulacho, nikaimeza. Mtu aliyekwisha kukaa chini humwongezei mzigo.

Aliyepandwa na hasira ni mwanangu. Akabandika birika. "Lichemke," akasema. "Nalimwagia lenyewe na droo yake." Mkwe akaibeba ile droo pana akaipindulia kwenye gunia uani, na mimi nikalimwaga dudu papo hapo kutoka bakulini, liwe pamoja na uchafu wake.

Udongo ulipomeguka, tukaona kwenye kona bonge la kitu, kama ngumi ya mtoto. Nilidhani ni makamasi. Likajinyosha. Walikuwa wanawe, wamesokotana, wekundu wa kidonda kibichi, wembamba, ngozi nyepesi mpaka utumbo unaonekana kama mstari wa wino. Hawana macho ya kusema macho. Nao wakamnusa mama yao. Wakasambaa, wakampanda, wa kichwani, wa mkiani, na kila mmoja akaweka mdomo kwenye ngozi yake akaanza kuparua.

Sasa niliona kwamba mama yao amebadilika. Ngozi yake, iliyokuwa na rangi ya ini, ilikuwa imepauka, nyeupe kama malai ya maziwa yaliyochemka. Ndiyo waliyokuwa wanaila. Walimng'wafua kwa vijino vyao, wakivuta, wakijizungusha kama yeye alivyojizungusha, na ngozi ikawa inambanduka vipande vipande, na chini yake kuna nyingine mbichi. Na yeye, aliyepigana na mkono wangu kama bondia, alilala tu. Hakujikunja. Alijigeuza kidogo, akawapa na upande wa pili.

"Wanamla mama yao," Kidoti akasema taratibu.

Nikafika hadi kwenye mtaro. Chai ya asubuhi, mkate, vyote vikatoka. Nilipoinua kichwa, birika lilikuwa linatoa mvuke, na mwanangu ameninyooshea mpini wake.

"Mama, mwagia wewe. Wewe ndiye uliyelichukia tangu mwanzo. Haki yako."

Nikalishika. Lilikuwa zito, linatokota bado. Nikasimama juu ya gunia. Naweza kuwaambia nilimhurumia, lakini ningekuwa nasema uongo, maana sikumhurumia hata kidogo. Mkono wangu ulikuwa bado unanata, na kama angeweza kutoweka kwa kufumba macho ningefumba. Lakini nikamtazama alivyolala, ameliwa hapa, ameliwa pale, na bado anageuza upande. Kisha nikawatazama wale wangu wawili waliosimama wananisubiri, nikakumbuka sanduku lao lililofunguliwa kitandani, na droo za mume wangu zilizojaa maganda.

Nikaweka birika chini.

"Leteni koleo," nikasema.

"Mama?"

"Koleo! Mnataka nitapike tena?"

Mkwe akamchota pamoja na wanawe na udongo wao, mimi nikaongoza njia nikitema mate kila hatua, mpaka kule chini mtaro unakoishia kwenye majani, mbali na ua. Akawamwaga. Mama yao akachimba kwa kichwa, na safari hii nilijua kichwa ni kipi. Wanawe wakamfuata shimoni, mmoja bado anang'ang'ania ngozi ya mkia. Udongo ukawafunika.

Niliporudi mwanangu alikuwa na beseni na sabuni. Hakusema samahani. Alinikalisha, akanivua pete, akaninawisha kidole kimoja kimoja, na chini ya kucha, kama nilivyokuwa nikimwosha yeye. Nami nikamwachia. Usiku sikusikia sanduku likifungwa, wala kesho yake.

Mama Miche alikuja asubuhi, mama mnene mwenye ndala zilizojaa udongo, akafunua droo moja ya karakana, akaifunika. Mkwe akainamisha uso. "Kuna nyingine jikoni," akasema. Mama Miche akapiga magoti mbele ya sinki langu, akaingiza mkono mpaka kifundo, mikono hiyo mitupu, Mungu wangu, akainua fungu la nyungunyungu akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hawa wamenona," akasema. "Nani kawatunza?"

Mkwe akanionyesha kwa mkono.

"Hongera, Mama. Unawapenda, inaonekana."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, mwanangu akanikanyaga mguu.

Mama Miche akachukua nusu ya droo. Nusu akaiacha ya mbegu, akasema wapandwe upya kwenye zile nyingine, yeye atarudi mvua zijazo, na tutazame vizuri tunachookota mtaroni, maana dudu tulilomsimulia, akasema, si nyoka wala nyungunyungu, ni jamaa wa chura asiye na miguu. Binamu wa kule madini alijibiwa kwamba mtu hayuko tayari kuhama. Sanduku likarudi uvunguni. Droo bado zipo, tena zimeongezeka, na nyumba yangu ina makelele ya kutosha na harufu ya maganda. Bakuli la harusi nimeligawa.

Jana Kidoti, ambaye ameng'oka jino la mbele, alinijia na kitendawili alichotunga mwenyewe. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama ana gauni moja. Watoto wakishalila, anaota jingine."

Nikajua ni nini, nami nimeshika kipande cha andazi.

"Nimeshindwa," nikasema, ili asilitaje.

"Nipe zawadi basi nikuambie."

Nikampa andazi lote na ufagio wa kumkimbiza.